Kiungo kimewekewa udhibiti wa dharura: hatua za kukitoa kwenye orodha

Pilipili, kungumanga au mdalasini ikishawekewa udhibiti wa dharura na nchi inayonunua, barua ya kuomba radhi haisaidii kitu. Udhibiti huondolewa na mfululizo wa shehena zilizopimwa zikakutwa safi, pamoja na maelezo yanayoeleweka ya nini kiliharibika na kimerekebishwaje. Kazi hiyo huchukua miezi, mara nyingi miaka. Mwongozo huu ni wa wasafirishaji, vyama vya ushirika na waagizaji wanaotaka kuifanya kwa mpangilio. Umejikita zaidi kwenye Umoja wa Ulaya, kwa kuwa ndiko masharti yalikoandikwa kwa kina zaidi, lakini Marekani na Australia zinatajwa pale njia zao zinapotofautiana.

Hatua ya 1: Jua kufuli limefungwa kwa jina la nani

Hapa ndipo wengi wanapopotezea mwaka wa kwanza. Kabla ya kulipia kipimo chochote, uliza: je, udhibiti umewekwa juu ya kampuni yangu, juu ya mzalishaji wangu, au juu ya nchi nzima?

Ulaya hufunga kufuli kwa vitu vitatu vikiwa pamoja: nchi ya asili, bidhaa kwa msimbo wake wa forodha, na hatari iliyoonekana. Pilipili manga ya Brazil iliwekwa humo kwa salmonela, kungumanga za Indonesia kwa sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu), pilipili kali za Uganda kwa mabaki ya viuatilifu. Jina la kampuni halimo. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: msafirishaji ambaye hajawahi kufeli hubeba mzigo mmoja na jirani yake anayenunua mali barabarani bila kuuliza. Kwa hiyo kujisafisha peke yako hakutoshi. Lazima sekta nzima isukumwe kupitia mamlaka ya nchi.

Msingi wa kisheria ni Kifungu cha 53 cha Kanuni ya 178/2002, kinachoruhusu Tume ya Ulaya kusimamisha bidhaa au kuiwekea masharti pale hatari ni kubwa na njia za kawaida hazitoshi. Bidhaa zenyewe zimeorodheshwa kwenye Kanuni ya 2019/1793, iliyoanza kutumika Desemba 2019. Ina ngazi tatu. Kiambatisho cha I ni ukaguzi ulioongezwa mpakani tu. Kiambatisho cha II kinadai pia cheti rasmi na majibu ya maabara kwa kila shehena kabla haijaondoka. Kiambatisho cha IIa ni marufuku kuingia. Jua uko ngazi ipi, maana hatua zinazofuata hutegemea hilo.

Marekani, FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, hutoa tangazo la tahadhari na kuweka kampuni kwenye orodha nyekundu. Mzigo wake hushikiliwa bandarini bila hata kuguswa, mpaka mwagizaji athibitishe kuwa ni salama. Tangazo namba 99-19 ni la salmonela, na 99-42 ni la metali nzito kama risasi. Hapo kufuli ni la kampuni, na kampuni inaweza kulifungua yenyewe. Mara chache tangazo hufunga nchi nzima, na wanaojisafisha huwekwa kwenye orodha ya kijani.

Australia hufuata mzalishaji, na hesabu yao ni rahisi kuliko zote: tutaifikia kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 2: Soma msimbo, usisome jina

Udhibiti hauandikwi kwa majina ya sokoni. Unguja ukisema pilipili hoho watu hufikiria ile inayowasha. Bara hoho ni lile kubwa lisilowasha. Bizari nayo huweza kuwa manjano au bizari nyembamba kutegemea ulipo. Kwenye karatasi za forodha andika jina la kisayansi na msimbo: pilipili manga (Piper) na pilipili kavu (Capsicum) ziko chini ya 0904, mdalasini 0906, karafuu 0907, kungumanga, basibasi na iliki 0908, tangawizi na manjano 0910. Pilipili mbichi ziko kwingine kabisa, 0709 60. Udhibiti uliowekwa kwa pilipili mbichi usiuchukulie kuwa unahusu kavu, wala kinyume chake, mpaka uone mistari yenyewe.

Kosa la kawaida ni wakala kuandika "viungo mchanganyiko" ili kurahisisha. Likigundulika, shehena huonekana kama imekwepa ukaguzi, na taarifa yake huharibu sifa ya nchi kuliko hata kipimo kilichofeli.

Andika pia kipimo kilichozidishwa na kikomo chake. Kwa Ulaya, sumukuvu aina ya B1 kwenye pilipili, pilipili manga, kungumanga, tangawizi na manjano isizidi mikrogramu 5 kwa kilo, na jumla ya aina zote isizidi 10. Okratoksini A, sumu nyingine ya ukungu, ni 15 kwa viungo vikavu vingi, 20 kwa pilipili za Capsicum. Risasi hupangwa kwa sehemu ya mmea: magome kama mdalasini miligramu 2.0 kwa kilo, mizizi kama tangawizi 1.50, matumba ya maua kama karafuu 1.0, mbegu 0.90, matunda 0.60. Etilini oksaidi, gesi ya kufukizia viungo, ikihesabiwa pamoja na zao lake la 2-kloroethanoli, ni miligramu 0.1. Salmonela haina kikomo cha kuvumilika: isionekane kwenye gramu 25.

Hatua ya 3: Tafuta chanzo mahali kilipo

Mamlaka haitapokea jibu la "tumeongeza usafi". Inataka kujua ni hatua gani ya kazi ilileta tatizo, na hatua hiyo sasa inafanywaje.

Sumukuvu huanzia kwenye unyevu. Ukungu unaoizalisha hukua pale kiungo kinapokaa siku nyingi kikiwa nusu kavu: mvua imenyesha, majamvi yamekunjwa na mali ndani, au mfuko umefungwa jioni wakati punje bado zina joto la jua na zinatoa jasho. Lengo ni unyevu wa asilimia 10 hadi 12, na zaidi ya hapo, kiwango cha maji yaliyo huru, aw, kiwe chini ya 0.65. Nunua kipima unyevu, pima kila mfuko unapopokea kwa mkulima, na uandike. Kungumanga zina tatizo la ziada: ganda likivunjika au mdudu akitoboa, ukungu huingia ndani na kwa macho huoni kitu. Zilizovunjika zitengwe kwa mkono kabla ya kuhifadhiwa.

Salmonela hutoka kwenye kinyesi cha ndege, mijusi na mifugo wanaopita juu ya viungo vilivyoanikwa chini, au kwenye maji machafu ya kuoshea. Vichanja vyenye wavu juu hupunguza sana hatari, lakini haviiondoi. Dawa ya kweli ni mvuke wa moto unaotumika kiwandani na kuthibitishwa kuwa unaua kwa kiwango kinachotakiwa. Angalia kwa makini hapa: Marekani inaruhusu viungo vifukizwe kwa etilini oksaidi, masalia yakiruhusiwa hadi sehemu 7 kwa milioni, Ulaya haikubali. Anayetibu salmonela ya soko la Marekani kwa gesi hiyo kisha akapeleka mabaki ya bechi hiyo Rotterdam amehama kutoka kesi moja kwenda nyingine. Tenga maghala, tenga vitabu. Mionzi inakubalika Ulaya kwa viungo vikavu hadi kilogrei 10, ila iwe kwenye kituo kilichoidhinishwa na Ulaya na lebo iseme hivyo.

Mabaki ya viuatilifu hupanda bidhaa inapokaushwa. Kilo 4 hadi 5 za pilipili mbichi hutoa kama kilo moja kavu, na dawa iliyobaki hujikusanya humo. Mkulima anaweza kuwa amefuata siku za kusubiri kwa kuuza mbichi na bado kavu yake ikazua swali. Ukipeleka majibu ya bidhaa kavu, ambatanisha hesabu ya kukauka kwake, maana vikomo vingi vimewekwa kwa mbichi.

Risasi mara chache hutoka shambani. Hutoka kwenye mashine ya kusagia inayolika, kwenye moshi na vumbi la barabarani, au kwa mtu aliyetia rangi. Bangladesh wafanyabiashara walikuwa wakikoleza manjano kwa kromati ya risasi. Mwaka 2019 asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikuwa na risasi. Baada ya msako kwenye mashine za kusaga, faini na elimu kwa umma, kufikia 2021 hazikuonekana tena. Kosa la mtu huisha haraka kuliko kosa la hali ya hewa, mradi mtu huyo atafutwe.

Hatua ya 4: Chukua sampuli kama watakavyochukua wao

Migogoro mingi ya "sisi tulipima ikawa safi, wao wamepima ikafeli" haitokani na maabara. Inatokana na sampuli.

Chukua mfano wa kungumanga moja ya gramu 5 yenye sumukuvu ya mikrogramu 2,000 kwa kilo. Ndani yake kuna mikrogramu 10. Ikiingia kwenye sampuli ya kilo moja, sampuli nzima inasoma 10, yaani imefika kikomo. Isipoingia, inasoma sifuri. Kwenye tani 10 za kungumanga kuna punje karibu milioni mbili, na mbovu zinaweza kuwa chache tu, zimejikusanya kwenye mifuko miwili ya mwisho iliyotoka shamba moja. Anayechota kilo kwenye mfuko wa mlangoni anacheza bahati nasibu.

Utaratibu wa Ulaya kwa sumukuvu kwenye viungo vya punje ndogo (vya punje kubwa kama kungumanga vina utaratibu wake), bechi ikiwa kubwa, ni michoto 100 kutoka sehemu mbalimbali, jumla kilo 10. Bechi iliyo chini ya tani 15 huchukuliwa michoto 5 hadi 100 kulingana na uzito wake. Fanya hivi:

Panga mifuko ili yote ifikike. Ikiwa ni mifuko 200 ya kilo 50, chota gramu 100 hivi kutoka kila mfuko wa pili, juu, katikati na chini kwa zamu, kwa bambo refu la kuchomea. Changanya zote. Saga kilo 10 zote kabla ya kugawa. Anayegawa kwanza halafu akasaga ameharibu kazi yote. Kisha toa sehemu tatu: moja ya maabara, moja ya kujitetea, moja ya mwamuzi endapo kutatokea ubishi. Zitiwe lakiri, ziandikwe namba ya bechi na tarehe, na ziwekwe pakavu.

Kwa salmonela hesabu ni nyingine. Tuseme asilimia 5 ya vipande vya gramu 25 kwenye bechi vina bakteria. Ukipima vipande 5, una nafasi ya asilimia 77 ya kutoona chochote. Ukipima 10, kama Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, inavyopendekeza kwa viungo, bado nafasi ni asilimia 60. Ndiyo maana cheti cha maabara peke yake hakimshawishi mkaguzi anayejua kazi yake. Atataka rekodi za joto na muda wa mvuke.

Maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, na ithibati hiyo itaje kipimo hicho kwa bidhaa hiyo. Maabara yenye ithibati ya kupima sumukuvu kwenye mahindi si lazima iwe nayo kwa pilipili, ambayo rangi na mafuta yake huvuruga usomaji. Kwa Marekani, vipimo vya kutoka kwenye tangazo la tahadhari vilivyotajwa chini ya LAAF, programu ya FDA ya kuidhinisha maabara za chakula, lazima vifanywe na maabara iliyomo kwenye programu hiyo.

Hatua ya 5: Pitisha shehena safi udhibiti ukiwa bado upo

Usisubiri udhibiti uondoke ndipo uuze. Bila shehena mpya hakuna takwimu mpya, na bila takwimu hakuna wa kupunguza chochote.

Kwa Ulaya, mwagizaji au wakala wake hujaza hati ya kuingilia, CHED-D, kwenye TRACES, mfumo wa Ulaya wa mtandaoni wa hati za mizigo, angalau siku moja ya kazi kabla mzigo haujafika. Kila shehena hukaguliwa karatasi zake. Sehemu fulani tu, kwa mfano asilimia 20 au 50, ndiyo huchotwa sampuli. Gharama ni za mfanyabiashara, na mzigo haugawanywi mpaka hati ikamilike.

Bidhaa ikiwa Kiambatisho cha II, ongeza cheti rasmi cha mamlaka ya nchi. Kina uhai wa miezi 4 tangu kutolewa, na hata hivyo kisipite miezi 6 tangu majibu ya maabara yatoke. Meli zikizunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Bahari ya Shamu, safari huongezeka wiki moja hadi mbili, kwa hiyo usipime mwezi wa kwanza mali utakayoipakia mwezi wa nne. Namba ya utambulisho wa shehena iwe ileile kwenye cheti, kwenye majibu ya maabara na kwenye kila mfuko. Mfuko mmoja wenye namba iliyofutika kwa jasho la kontena unatosha kuzuia mzigo wote. Tumia wino usioyeyuka, au shonea lebo.

Halafu weka daftari la kila shehena: bechi, wakulima, unyevu, majibu ya kabla ya safari, kama ilichotwa mpakani au la, na majibu yake. Safu hiyo ya "ilichotwa au la" ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kwa ukaguzi wa asilimia 20, shehena tano mfululizo zina nafasi ya asilimia 33 ya kupita zote bila kuguswa. Shehena iliyopita bila kuchotwa si ushahidi wa usafi. Ukiandika kwenye maombi kwamba tano zimepita, wao wakatazama mfumo wakakuta hakuna hata moja iliyopimwa, umejipunguzia heshima.

Hatua ya 6: Andaa jalada

Kwa Marekani jalada hulipeleka kampuni yenyewe. Liwe na maelezo ya chanzo, marekebisho na ushahidi wake (picha za vichanja, risiti za mashine, rekodi za mvuke), na karatasi za shehena zisizopungua tano mfululizo zilizokutwa safi na kuachiwa. Ziwe shehena za biashara kwa ujazo wako wa kawaida. Kupeleka vifurushi vitano vya kilo 20 ndani ya wiki moja ili kukamilisha idadi ni ujanja unaoonekana toka mbali.

Kwa Ulaya jalada hupitia serikali. Wasafirishaji hukusanya takwimu zao kwenye chama chao, chama huzipeleka kwa mamlaka husika (Tanzania Bara ni TBS kwa usalama wa chakula na TPHPA kwa viuatilifu na afya ya mimea, Kenya ni KEBS na KEPHIS), nayo huandikia Tume ya Ulaya. Tume inaweza kutuma wakaguzi. Watakachouliza shambani hakina siri: nani anaruhusiwa kusafirisha, nani amesimamishwa, na mfuko huu umetoka kwa mkulima yupi. Nchi isiyoweza kuonyesha kuwa imewahi kumfungia msafirishaji wake mchafu haiaminiki ikisema imedhibiti. Hapo ndipo siasa za ndani huingia, na ndipo majalada mengi hukwama.

Peleka mapema. Orodha hupitiwa kila baada ya kipindi kisichozidi miezi 6, kwa kuangalia majibu ya ukaguzi wa nchi wanachama na taarifa za RASFF, mtandao wao wa tahadhari za chakula. Jalada likifika mapitio yakiwa yameshafungwa, linasubiri zamu nyingine.

Hatua ya 7: Tegemea kushuka ngazi, si kuruka

Historia ya Sudan I inaonyesha vizuri. Rangi hiyo ya viwandani, inayoshukiwa kusababisha saratani, iligunduliwa na Ufaransa mwaka 2003 kwenye pilipili iliyotoka India. Juni mwaka huohuo Ulaya ilidai kila shehena ya pilipili kali iwe na majibu ya maabara. Mwaka 2004 bizari mchanganyiko ya kari ikaongezwa, 2005 manjano na mafuta ya mawese. Masharti hayo ya dharura yalifutwa Januari 25, 2010, yaani baada ya miaka sita na nusu, na hata hapo hayakwenda bure: nafasi yake ilichukuliwa na ukaguzi wa asilimia 20 mpakani.

Ndivyo inavyokwenda. Kutoka Kiambatisho cha II kwenda cha I, kisha asilimia 50, 20, 10, ndipo kutoka. Wala bidhaa mbili za nchi moja hazitembei pamoja: maharagwe machanga na njegere za Kenya ziliingia pamoja mwaka 2013, lakini kwenye orodha ya 2019 njegere hazikuwamo tena na maharagwe yalikuwamo.

Australia huhesabu hivi kwa vyakula vya hatari, pilipili na paprika zikiwamo kwa salmonela: kila shehena ya mzalishaji hupimwa mpaka tano mfululizo zipite, kisha moja kati ya nne mpaka 20 zipite, kisha moja kati ya 20. Ikifeli moja, unarudi mwanzo. Kwa vyakula vingine vilivyofeli kwenye ukaguzi wa kawaida, amri ya kushikilia huondoka baada ya tano safi mfululizo.

Hatua ya 8: Siku udhibiti unapoondolewa

Tazama tarehe ya kuanza kutumika, si tarehe ya tangazo. Shehena iliyofika siku moja kabla hufuata masharti ya zamani. Mwambie wakala athibitishe kwenye TRACES kwamba msimbo wako haudai tena CHED-D kabla meli haijatia nanga. Shehena iliyokwishafeli haiachiwi kwa sababu udhibiti umeondoka. Uamuzi wake unabaki: irudishwe, iteketezwe au itibiwe kama mamlaka ilivyoamuru.

Endelea kuchota sampuli tatu kwa kila bechi na kutunza ile ya kujitetea kwa muda wote bidhaa inapokuwa sokoni, ukianza na msimu wa kwanza wa mvua baada ya kuondolewa. Huo ndio msimu ambao wanunuzi wapya huja na bei nzuri, wakulima huharakisha kuvuna, na mifuko hufungwa ikiwa bado na jasho.